Koti la Kwenda Kaskazini

Wanangu mnaojifunza ushonaji, mkinikuta nje ya kanisa huwa mnaniuliza ni nguo gani ilinitoa jasho kuliko zote. Mnategemea nitataja suti ya bwana harusi fulani mwenye kitambi, au yale magauni ya kwaya tuliyoyamaliza huku waimbaji wameshapanga mstari. Hapana. Ni koti la kike la baridi, la sufu ya bluu iliyokolea, la mtu ambaye sikuwahi kumwona hata kwa picha. Nililikata mwaka 2015, na mwaka 2019 nilikuwa bado nalishughulikia.

Sasa nimestaafu. Macho hayalioni tundu la sindano, na mkasi wangu nimeshampa mwingine. Ila koti lile nikiambiwa nilikate leo, nalikata nimefumba macho.

Wakati huo nilikuwa nashona Jules Street, pale Malvern, Johannesburg, katika duka la Mama Rehema. Mama huyu ni Mtanzania wa Morogoro. Aliolewa na mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi huko uhamishoni, na uhuru ulipopatikana akahamia naye huku. Mume akafariki, watoto wakakulia kwenye Kizulu, mama akabaki na cherehani zake na Kiswahili chake. Mimi nilitoka Baraka, kule Fizi, Kongo, nikiwa tayari fundi, au ndivyo nilivyojidanganya. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba nilikuwa najua kunyoosha mshono tu, na kunyoosha mshono hata mashine inajua.

Maduka mawili kutoka kwetu alikuwepo Mzee Han, Mkorea, muuza mawigi na nywele za kusukia. Wasusi wa Kikongo na wa Kirundi walinunua kwake, na kwao aliokota Kiswahili cha dukani, cha bei na rangi na urefu. Barabara nzima ilimwita Mchina. Alishachoka kusahihisha.

Siku moja akaingia kwetu amekumbatia kitambaa.

"Fundi, mimi nataka koti. Koti ya dada."

"Karibu, mzee. Aje nimpime."

"Hawezi kuja."

"Basi lete nguo yake moja ya zamani."

"Hakuna."

"Picha?"

"Hakuna."

"Kwani yuko wapi?"

"Kaskazini."

Nikadhani anasema Polokwane, mji wa kaskazini mwa Afrika Kusini, nikamwambia mabasi ya kutoka huko yapo kila siku. Mzee Han akacheka kidogo, akavuta kiti, akatueleza.

Nchi yao ilikuwa moja. Ikagawanywa, ikaja vita, na vita vile vilisimamishwa bila kumalizwa. Mpaka leo hakuna mkataba wa amani, kuna mstari tu, na askari wa pande mbili wanatazamana. Yeye alikuwa mtoto wa miaka sita baba yake alipomshika mkono wakakimbilia kusini. Dada yake, wa miaka kumi na minne, aliachwa amuuguze bibi yao. Walisema watarudi kumchukua mambo yakitulia. Tangu hapo hakuna barua, hakuna simu, hakuna basi. Alimwita nuna, ndivyo mwanamume wa kwao anavyomwita dada yake mkubwa.

Mara chache, serikali mbili zikipatana, wazee waliotenganishwa na ndugu zao hukutanishwa. Huwa ni kwa kura. Wanaomba maelfu kwa maelfu, wanachaguliwa mia moja hivi. Wanakaa na ndugu zao siku chache, wanakula pamoja, wanalia, kisha kila mmoja anarudi upande wake. Wa kusini huwabebea wa kaskazini nguo za baridi, dawa na vitu vitamu. Mzee Han alishajiandikisha, na alitaka koti liwe tayari ili kura ikimwangukia asianze kuhangaika.

"Huko baridi kali, fundi," alisema. "Hapa Joburg si baridi. Hapa ni friji, mtu amesahau kufunga."

Nilimuuliza kwa nini asinunue kwenye maduka ya kitajiri ya Sandton, maana mwanawe alikuwa akifanya kazi huko katika kampuni ya Kikorea. Akatikisa kichwa. La dukani, alisema, ni la mtu yeyote.

Haya, mtu asiyekuwepo anapimwaje? Mimi nilijiona nina akili. Mzee Han alikuwa amesema kwamba nuna alimbeba sana mgongoni, kwa mbeleko, kama tunavyobebana kwetu, na kwamba anamkumbuka dada yake kwa mgongo kuliko kwa uso. Nikamsimamisha nyuma ya sanamu yetu ya kushonea, nikamwambia anionyeshe kwa mikono. Akafumba macho, akanyoosha mikono kama mtoto anayeshika mabega ya aliyembeba. Nikapima kutoka kiganja hadi kiganja, nikakata.

Koti lilipokwisha kupigwa bandi, ule mshono wa muda, nikalitundika. Mama Rehema alilitazama mbele, akalitazama nyuma.

"Faustin, hili ni la dada yake au la gari lake?"

"Mama, vipimo kanipa mzee mwenyewe."

"Kakupa mzee au kakupa yule mtoto? Mtoto akibebwa, mgongo anauona ukuta. Mimi nilidhani mama yangu ni jitu, mpaka siku nilipomwazima gauni langu likamburuza." Akafumua bandi ya bega mbele ya macho yangu. "Mpime huyu uliye naye. Wamezaliwa tumbo moja. Kisha acha akiba ya kitambaa kila mahali, maana hujui kitu."

Basi nikampima Mzee Han, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo naomba mlishike. Mwili una sehemu zinazorithiwa na sehemu zinazolishwa. Mteremko wa bega, urefu wa mkono na mahali shingo inapokaa, hayo ndugu huchangia. Kiuno na nyonga vinategemea mtu anakula nini. Nilipofika kiunoni nikasema nitaongeza kidogo, kwa kuwa ni mwanamke na umri umekwenda.

"Punguza, fundi," alisema. "Huko chakula kidogo."

Aliposema hivyo akageuka kutazama magari ya barabarani. Nikapunguza. Lakini ndani ya mshono nikaacha akiba ya vidole viwili kila upande, nikaifunika vizuri kwa bitana, ili siku moja ikijulikana kwamba nuna amenenepa, koti liweze kumfuata. Nyinyi vijana mnapenda kukata akiba ili nguo ilale vizuri mpige picha. Mteja akirudi baada ya mwaka mnamwambia haiwezekani. Inawezekana, ila mlishaitupa jalalani.

Mwaka ule mkutano wa ndugu ulifanyika kweli. Kura haikumwangukia. Tukalitundika koti nyuma ya pazia la kubadilishia nguo, ndani ya mfuko wake.

Kisha ikaja miaka ya makombora. Kila kaskazini waliporusha, habari ilifika Jules Street kabla ya mchana, na wasusi wakamchokoza mzee. "Mchina, ndugu yako amerusha tena?" Naye akajibu, "Eish, mimi nauza nywele tu." Baada ya hapo alikuwa akipita kwetu, anafungua ule mfuko, anashika mkono wa koti kama unavyomshika mtu unayemsalimia, anaufunga, anaondoka.

Mimi nikaanza kufuatilia siasa za Korea kama wenzangu wanavyofuatilia mpira. Nilijua rais wa kusini ameondolewa baada ya watu kujaa barabarani na mishumaa, na kwamba aliyemfuata anataka mazungumzo. Nilijua kiwanda walichokuwa wakiendesha kwa pamoja mpakani kimefungwa, na moyo uliniuma kana kwamba nilikuwa na ndugu pale. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza naonaje, uchaguzi wetu Kongo utafanyika au hautafanyika. Nikamjibu kwamba inategemea Wamarekani wataahirisha mazoezi yao ya kijeshi au la. Alinitazama, akaniwekea mkono kichwani, akaniombea.

Katika miaka hiyohiyo Mzee Han alikuja akiwa na wasiwasi wa zipu. Amesoma kwamba mataifa yameongeza vikwazo, na vitu vya chuma kuingia kaskazini vimekuwa na maswali mengi. Hakujua kama zipu ya koti moja inahesabiwa, na hakutaka kwenda kujulia mbele ya meza ya ukaguzi.

"Toa zipu, fundi. Toa na ndoano za kola."

Mama Rehema akainua miwani. "Zipu nayo ni silaha siku hizi?"

"Sijui, mama. Lakini askari akishika hii koti, sitaki aone kitu ya kuuliza."

Tukakubaliana vifungo vya kitambaa vya kufundikwa. Kata ukanda kwa mshazari, usikate kwa kunyooka, la sivyo utakakamaa. Ushone uwe mrija mwembamba, ugeuze ndani nje kwa sindano butu, kisha ufundike. Mimi nilijua fundo la kwetu, ambalo hulegea. Mzee Han akaniomba ukanda. Akauzungusha kidoleni mara moja, akakosea, akazungusha tena, na fundo likajikaza kama punje ya mahindi. Bibi yake alikuwa akifunga hivyo, alisema, na yeye mwenyewe hakujua kama bado analikumbuka fundo hilo. Tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu, vifungo vyangu vya kitambaa vilikuwa vya bibi yule.

Tukiwa katika kufundika, simu yangu ikaita. Alikuwa mama yangu, kwa video, kutoka Baraka. Mtandao siku hiyo ulikuwa na huruma.

"Faustin, ule mutu iko nyuma yako ni nani? Ni Muchina?"

"Mimi Korea, mama," Mzee Han akasema, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Karibu, baba. Faustin anakulaka muzuri huko? Naona shingo imekuwa ndogo."

"Anakula. Anakula sana."

Mama akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akakohoa vizuri, akatuaga. Nikarudi kwenye kazi. Mzee Han alikuwa ameacha vidole.

"Mama yako anakohoa."

"Ni vumbi tu, mzee."

"Mimi sijui nuna anakohoa namna gani," alisema.

Nikaokota ukanda mwingine, nikaanza kuugeuza. Makaratasi yangu ya ukimbizi yaliniruhusu kukaa, hayakuniruhusu kwenda na kurudi, na nilikuwa na miaka mingi sijamshika mama mkono. Nilimtamani, wanangu. Nilitamani hata kugombezwa naye uso kwa uso. Lakini mchana ule nilijiona mwenye bahati, na sikuipenda bahati yenyewe, kwa sababu ilikuwa imekaa mbele ya mtu asiyekuwa nayo.

Mwezi wa Aprili 2018 viongozi wa pande mbili wakakutana mpakani. Kwetu ilikuwa usiku wakati wenyewe wanasalimiana, kwa hiyo tuliiona asubuhi, kwenye simu ya Mama Rehema tuliyoiegemeza kwenye pasi. Ule mstari wa miaka yote ni ukingo wa zege ulio chini kabisa, ambao mtoto anauruka. Yule wa kaskazini akauvuka, wakapeana mikono, kisha akamvuta mwenzake wakavuka tena kwenda upande wake, kama watu wanaocheza.

"Rudisha hapo," Mzee Han akasema. Nikarudisha. "Ona, fundi. Hatua moja." Nikarudisha tena. Wateja wawili walikuja kuchukua suruali zao wakakuta tumeinama wote watatu kwenye pasi, nao wakainama. Tuliirudia hatua ile mpaka simu ikazimika.

Ikatangazwa kwamba ndugu watakutanishwa Agosti. Mzee Han akafunga duka lake mchana kweupe, jambo ambalo barabara haikuwahi kuliona, akatuletea vikeki vya unga wa mchele vinavyong'ang'ania meno. Akaniambia nifute chaki zote, nipige pasi ya mwisho. Nilishona pindo lile kwa mkono, kwa mshono wa kufichika, polepole, na nakiri nilikuwa naimba. Mama Rehema akatafuta karatasi laini ya kufungia. Tulikuwa kama wazazi wa bibi harusi.

Aliyekuja kutupa matokeo ya kura ni mwanawe, yule wa Sandton. Aliegesha gari nje, akaingia na suti yake nzuri ambayo begani ilishonwa na mtu mwenye haraka.

"Baba hajachaguliwa," alisema kwa Kiingereza. "Atakuja kesho kama kawaida. Naomba kitu kimoja. Nyinyi mna neno lenu, pole. Kila mtu barabarani anamwambia pole, na kila akiambiwa anarudi nyumbani hawezi kula. Naomba nyinyi msimwambie."

"Sawa, baba," Mama Rehema akajibu. Gari lilipoondoka akanigeukia. "Sasa Kiswahili bila pole utakisema vipi?"

Kesho yake mzee akaja. Mama Rehema akamtengenezea chai ya tangawizi, akamsogezea kiti, akakaa naye, na nilimwona akimeza lile neno kila baada ya dakika. Mimi nilipiga pasi suruali moja iliyokwisha kupigwa pasi.

Bado palikuwa na tumaini, kwa sababu ilisemekana mikutano itaongezeka, na kwamba kiongozi wa kaskazini na rais wa Marekani wataonana tena, safari hii Hanoi. Wakaonana, mwezi wa Februari 2019. Mazungumzo yakavunjika. Tulisoma kwamba meza ya chakula cha mchana ilikuwa imeshaandaliwa, na watu wakaondoka bila kula. Kwa hilo Mama Rehema alikasirika kuliko kwa makombora yote.

"Chakula kipo mezani halafu unaondoka? Hao hawakuja kupatana. Anayetaka kupatana anakaa angalau aonje."

Mzee Han alikubali kwa kichwa. Nadhani ndiyo maelezo pekee ya siasa ya mwaka ule aliyoyakubali.

Mwaka uleule mwanawe akahamishwa kurudi Seoul, na mzee ikabidi afuatane naye. Duka la mawigi lilichukuliwa na Mnaijeria, mtu mzuri tu, lakini mimi kwa muda mrefu nikipita pale nilikuwa nageuza shingo. Sijui kama Mzee Han yu hai. Koti aliondoka nalo. Mikutano ya ndugu sijasikia tena.

Ila kabla hajaondoka alikuja kwa kazi ya mwisho. Ilikuwa Juni, ule upepo wa Johannesburg unaoingia chini ya mlango.

"Fundi, punguza urefu. Nuna sasa amepita miaka themanini. Wazee wanafupika."

Nikampima yeye, kama siku zote, kutoka kwenye shingo kushuka chini. Nikakuta futi inanipa hesabu nyingine. Yeye mwenyewe alikuwa amefupika. Sikumwambia. Nilisema tu, "Kweli, mzee, tupunguze."

Pindo haliwekwi alama juu ya meza, wanangu, mnajua hilo. Nguo lazima isimame juu ya mwili. Miaka yote koti hili tulilisimamisha kwenye sanamu, maana mwanamume wa rika lile hakutaka kuonekana na koti la kike. Siku hiyo sanamu ilikuwa imevaa gauni la harusi, limejaa pini, haligusiki.

"Itabidi ulivae mwenyewe, mzee."

Akatoa kichwa nje kuangalia kama kuna msusi anayekuja. Akafunga mlango, akapanda kwenye kibao, akalivaa. Akafunga vifungo kimoja kimoja hadi shingoni. Mimi nilipiga magoti na pini mdomoni, nikaanza kuzunguka. Nilikuwa nachomeka pini ya mwisho, upande wa nyuma, niliposikia pumzi yake imebadilika.

Nikainua macho. Alikuwa anajitazama kwenye kioo. Alikuwa hajanyoa nywele siku nyingi, zilikuwa nyeupe, zimeanguka masikioni. Bega lilikaa pale linapotakiwa kukaa. Ndani ya kile kioo alisimama mwanamke mzee, mwembamba, amevaa koti lake vizuri kwa ajili ya baridi.

"Nuna," akasema.

Mama Rehema akatoa mguu kwenye cherehani. Mzee Han akaanza kusema kwa lugha yake, taratibu, bila kulia, kama mtu anayetoa habari za nyumbani kwa mpangilio, nani amezaliwa, nani amekufa. Ndivyo nilivyodhani, sikuelewa hata neno. Kisha akainama, kwa namna mdogo anavyomwinamia mkubwa wake, na yule wa kwenye kioo akainama pia.

Alipoinuka akajifuta uso kwa kiganja, akakumbuka kwamba mimi nipo chini.

"Fundi, umemaliza?"

Nilikuwa nimemaliza zamani. Nikachomoa pini zote kwenye pindo, nikazirudisha mdomoni, nikaanza upya.

"Bado, mzee," nikamwambia. "Endelea kusimama."